Haki ya Aliyepoteza Kazi: Mhadhara juu ya Mafao ya Ukosefu wa Ajira na ya Maradhi



Jambo nililoalikwa kulisemea jioni hii halikosekani katika mtaa wowote wa mji wa bandari, wa viwanda au wa machimbo, ingawa aghalabu huzungumzwa kwa sauti ya chini na mlango umeshindikwa: nalo ni hali ya mtu aliyekuwa na kazi mwezi uliopita na mwezi huu hana, ama kwa kuwa mwajiri wake amepunguza watu, ama kwa kuwa maradhi yamemshika yakamtoa katika safu ya wenye nguvu, na ambaye sasa, pamoja na majonzi yake, inambidi ashike njia kwenda kudai kile alichowekewa na sheria. Nitasema zaidi juu ya Tanzania Bara, kwa kuwa ndiko nilikoketi na watu wengi wa namna hii wakinifunulia bahasha zao. Majirani nitawagusa kidogo tu, pale watakapotufaa kwa mizani.

Kabla ya sheria nataka niseme neno juu ya haya, maana nimeona kwamba haya imewanyima watu mafao mengi pengine kuliko ukali wa kanuni. Mtu wetu amelelewa kuona kwamba mwenye kunyoosha mkono hadharani ameshuka daraja, na kwa tabia hiyo njema, ambayo mahali pake ni katika mambo ya sadaka, hujizuia pia katika jambo lisilokuwa sadaka hata chembe. Mume hutoka asubuhi amevaa shati lake la kazi, akashinda mjini mpaka magharibi, ili mkewe na majirani wasitambue kwamba ameachishwa; mwezi wa kwanza hupita hivyo, na wa pili ukaufuata, na siku anapopata moyo wa kwenda kuuliza huambiwa kwamba muda wa kuleta malalamiko yake umekwisha. Mtu huyo hakuwa mvivu wala mjinga. Alikuwa na staha, na staha hiyo ndiyo iliyomponza.

Basi na ifahamike kwamba fedha iliyomo katika mfuko wa hifadhi ya jamii ni sehemu ya ujira wa mfanyakazi, iliyowekwa kando ili imfae siku ya dhiki. Kwa aliyeajiriwa na kampuni au na mtu binafsi, mchango wa asilimia 20 ya mshahara wake hupelekwa kila mwezi katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, tunaouita NSSF, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu ya mchango huo. Kwa mtumishi wa umma, ambaye tangu Agosti 2018 mfuko wake ni PSSSF, asilimia 5 hutoka kwake na asilimia 15 hutoka kwa mwajiri. Fedha hiyo imetolewa jasho kabla ya kuitwa fao, na anayekwenda kuichukua anakwenda kuchukua amana yake.

Wala wazo hili si la jana. Mwaka 1883, katika zama za Bismarck, Ujerumani ilipitisha sheria ya bima ya ugonjwa ambayo kwayo mfanyakazi aliyelala kitandani alipata posho kutoka katika mfuko uliochangiwa naye na mwajiri wake, naye akibeba theluthi mbili za mchango na mwajiri theluthi moja. Nawaomba mtazame tarehe, kwa kuwa inatuhusu: miaka miwili tu baadaye, mwaka 1885, dola hiyo hiyo ilitoa hati ya ulinzi juu ya nchi za huku kwetu, ambako baadaye watu walilazimishwa kulima pamba kwa amri na kwa kiboko, wala hapakuwa na aliyefikiri kwamba mkulima huyo naye akiugua anastahili kulipwa. Rehema ya sheria ilikuwa imekwisha kugunduliwa, ila iliishia mpakani.

Uingereza ilifuata mwaka 1911, Lloyd George akiwa Waziri wa Fedha, na sheria yake ilikwenda hatua moja mbele, kwa sababu haikumtazama mgonjwa peke yake bali na mzima aliyekosa kazi. Ilianza na mafundi wa kazi chache tu, kama vile ujenzi, uundaji wa meli na uhandisi wa mitambo. Mtu wa kazi hizo alipokosa ajira alilipwa shilingi 7 kwa wiki, kwa muda usiozidi wiki 15 katika mwaka. Ndani ya sheria hiyo mlikuwamo sharti moja ambalo naomba mliweke akilini: aliyefukuzwa kwa makosa yake, au aliyeacha kazi kwa hiari pasipo sababu ya haki, alinyimwa malipo kwa wiki 6. Nitalirejea sharti hilo nikikaribia mwisho wa maneno yangu. Hatimaye mwaka 1952 Shirika la Kazi la Kimataifa, huko Geneva, liliandika Mkataba Namba 102 uliotaja matawi 9 ya hifadhi ya jamii, na miongoni mwake mna posho ya ugonjwa na posho ya ukosefu wa kazi, kila moja ikisimama kwa miguu yake.

Kwetu mambo yalianza kwa njia nyingine. Mchukuzi wa bandarini Mombasa au Dar es Salaam, katika miaka ya wakoloni, alikuwa kibarua wa siku; alipoumwa Jumatatu, Jumatatu hiyo hiyo nyumba yake ilikosa posho, na siku alipopona hakuwa na hakika ya kuitwa tena. Migomo ya bandari hizo ya mwaka 1939 na ya mwaka 1947 ilizaliwa na dhiki ya ujira na ya maisha hayo yasiyokuwa na kesho. Tanganyika ilipopata uhuru haikukawia: mwaka 1962 ilitungwa sheria ya kiinua mgongo, iliyomlazimu mwajiri asimwache mtu wake aende mikono mitupu baada ya utumishi, na mwaka 1964 ukaanzishwa Mfuko wa Akiba wa Taifa, ambao mwaka 1997 sheria mpya iliugeuza kuwa NSSF, yaani kutoka mfuko wa akiba tupu ukawa mfuko wa pensheni na mafao mengine. Zanzibar ilijiundia mfuko wake, ZSSF, kwa sheria ya mwaka 1998.

Hapo ndipo palipozuka kadhia ambayo wengi wenu mnaikumbuka kwa jina la fao la kujitoa. Kwa miaka mingi mtu aliyetoka kazini kabla ya kustaafu aliweza kwenda kuchukua michango yake yote kwa mkupuo, akajengea, akafungulia duka au akala. Mwaka 2012 sheria ilibadilishwa ili kuizuia njia hiyo, na kelele zikapanda, hasa katika migodi, ambako mikataba ni mifupi, vumbi na miamba huuzeesha mwili mapema, na mtu wa miaka 40 anapoambiwa asubiri utu uzima ndipo aione fedha yake huona kama ameahidiwa jambo ambalo hatalifikia. Mimi nazikubali hoja za pande zote mbili, lakini si kwa uzito ulio sawa. Ni kweli kwamba anayetwaa michango yote kila apotezapo kazi hufika uzeeni hana kitu, na mzigo wake ukawaangukia watoto. Lakini pia ni kweli, na kweli hii ni nzito zaidi, kwamba serikali haiwezi kumfungia mtu akiba yake kwa ajili ya uzee bila ya kumpa kitu cha kumvusha ukosefu wa leo. Kati ya 2012 na 2018 kasoro ilikuwa hiyo.

Sheria ya 2018 ndiyo iliyoleta kile kinachoitwa fao la upotevu wa ajira. Mwanachama aliyeachishwa kazi, ambaye amechangia kwa miezi isiyopungua 18, ambaye ni raia na hajatimiza miaka 55, na ambaye hajapata kazi nyingine, hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa miezi isiyozidi 6. Na ambaye michango yake haijafika miezi 18 hulipwa mara moja nusu ya michango aliyokatwa yeye. Aliyekuwa akipata shilingi 600,000 kwa mwezi atapata basi karibu shilingi 200,000, ambayo katika miji yetu ni kodi ya vyumba viwili na unga, wala haitoshi zaidi ya hapo. Lakini hiyo ni tofauti baina ya familia inayobaki katika nyumba yake na familia inayorudishwa kijijini katikati ya muhula wa shule. Kenya, jirani yetu, mpaka sasa mfuko wake wa taifa haulipi fao la namna hii, na aliyepunguzwa kazini huko hutegemea malipo ya mwajiri, yaani mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka kamili wa utumishi. Tumetangulia katika jambo hili, na aliyetangulia hana ruhusa ya kulala.

Lakini mfuko si mlango wa kwanza. Mlango wa kwanza ni wa mwajiri mwenyewe, na mambo anayodaiwa yameandikwa katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ambayo ningependa iwe katika kila ofisi ya chama cha wafanyakazi, na iwe imechakaa kwa kusomwa. Anayelipwa kwa mwezi hupewa taarifa ya siku zisizopungua 28 au mshahara wa siku hizo. Hulipwa ujira mpaka siku yake ya mwisho, na siku za likizo ambazo hakuzichukua. Akiwa ametumikia miezi 12 au zaidi bila kukatika, hulipwa kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, kwa miaka isiyozidi 10, isipokuwa aliyeachishwa kwa haki kwa sababu ya utovu wa nidhamu na wengine wachache waliotajwa. Aliyefanya kazi miaka 8, basi, anadai siku 56. Aliyeajiriwa mbali anadai nauli ya kumrudisha mahali alikoajiriwa. Na kila mmoja, hata aliyefukuzwa kwa kosa, anadai hati ya utumishi.

Anayeona kwamba ameachishwa pasipo haki hupeleka malalamiko yake katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, nayo muda wake ni siku 30 tangu kuachishwa. Kwa migogoro mingine ya kazi ni siku 60. Siku 30, mabibi na mabwana, ni chache mno kwa mtu aliyepigwa na bumbuazi, na zinamalizika akiwa bado ana matumaini kwamba mkubwa wake atampigia simu. Tume inaweza kukubali shauri lililochelewa ikiwa pana sababu ya maana, lakini sababu hiyo yapasa kuandikwa, kutetewa na kukubaliwa, na kuona haya kwa majirani hakujapata kuhesabiwa kuwa sababu.

Sasa niingie katika maradhi, ambako mambo ni mapana zaidi na maumivu ni mengi zaidi, kwa sababu mgonjwa hupoteza kazi polepole na mara nyingi hajui ni siku gani hasa aliyoipoteza. Sheria hiyo ya 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara mzima, na siku 63 za pili kwa nusu mshahara, maadamu analeta cheti cha daktari. Cheti hicho, ambacho vibarua na makarani wote wanakiita ED, ndicho roho ya kadhia nzima. Pasipo hicho mwajiri halazimiki kulipa, na, lililo baya zaidi, siku za kulala kitandani huweza kuandikwa utoro, na utoro ni kosa la nidhamu, na kosa la nidhamu likithibitishwa huondoa kiinua mgongo. Kwa karatasi moja isiyopelekwa mtu hugeuzwa kutoka mgonjwa akawa mkosaji.

Nitawaelezeeni nilichokiona. Alikuja kwangu mtu wa makamo, mpanga mizigo katika ghala moja, mgongo umemkatika kwa miaka ya kubeba magunia, akitembea ameinama upande wa kushoto kama anayesikiliza jambo lililoko chini. Alikuwa na mfuko wa plastiki uliofungwa kwa mpira, na ndani yake, zikiwa zimekunjwa mara nne nne, karatasi za utumishi wake wote. Tulizipanga mezani kwa tarehe. Palikuwa na mkataba, wenye sahihi ya mwajiri lakini hauna tarehe ya kuanza. Palikuwa na hati za mshahara za miaka mitatu, kila moja imeandikwa makato ya mfuko wa hifadhi. Palikuwa na barua ya kumwachisha iliyosema kwamba amekosekana kazini kwa siku nyingi bila ruhusa. Vyeti vya hospitali havikuwamo. Alivipeleka ofisini mwenyewe, vile vya asili, akamkabidhi karani mkononi, wala hakubaki na nakala, kwa kuwa nakala moja ilikuwa shilingi 100 na yeye aliona kwamba kumdai mtu stakabadhi ni kumtuhumu. Kisha nikaisoma taarifa ya michango aliyoipata katika mfuko: kwa miezi 11 mfululizo safu ilikuwa tupu, ilhali hati za mshahara za miezi hiyo hiyo, zilizokuwa pale pale mezani chini ya kidole changu, zilionyesha kwamba alikatwa kila mwezi. Aliitazama safu ile kwa muda, akaniuliza, "Sasa mwalimu, hizi alizichukua nani?"

Jibu la swali lake liko katika sheria kwa uwazi kabisa. Mwajiri ana wajibu wa kupeleka mchango wa mwezi kabla mwezi unaofuata haujakwisha, na akichelewa hutozwa adhabu, na mfuko una mamlaka ya kumpeleka mahakamani. Bali kwa desturi ya mambo yalivyo, anayezunguka kutafuta miezi hiyo ni yule aliyeinama mgongo. Mfuko humwambia aende kwa mwajiri akamhimize. Mwajiri humwambia mhasibu amesafiri. Mhasibu akirudi husema kumbukumbu za mwaka ule zimehamishwa. Nasema hili kwa uchungu na bila kuficha: huo ni mgawanyo wa taabu usio na insafu. Mwanachama aliyeleta hati ya mshahara inayoonyesha makato amekwisha kuthibitisha kila kilicho katika uwezo wake kuthibitisha, na tangu hapo deni liwe baina ya mfuko wenye wanasheria na mwajiri mwenye mali. Fao lake lilipwe kwa hesabu ya miezi yote aliyokatwa. Mfuko umepewa nguvu za dola za kudai. Mpanga mizigo hakupewa.

Na lilikuwapo jambo la pili katika karatasi zile, ambalo hakuna aliyemwambia. Mgongo uliovunjwa na magunia ya ghala haukuwa ugonjwa wa kawaida. Ulistahili kuchunguzwa kama madhara yatokanayo na kazi, nayo yana mfuko wake, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008 na ulioanza kufanya kazi mwaka 2015. Mfuko huo mfanyakazi hauchangii hata senti. Mchango wote ni wa mwajiri. Unalipia matibabu, na kwa asiyeweza kufanya kazi kwa muda hulipa asilimia 70 ya mapato yake ya mwezi, kwa kipindi kisichozidi miezi 24, na kwa aliyepata ulemavu wa kudumu hulipa kwa kadiri ya ulemavu huo. Ajali inatakiwa itolewe taarifa upesi, na anayekaa na maumivu yake mwaka mzima kimya yuko katika hatari ya kupoteza haki yote. Wafanyakazi wengi wanaijua NSSF; huu wa fidia wengi hawaujui hata kwa jina, na walioumia wasioujua hutumia akiba yao ya uzeeni kununulia dawa za maumivu waliyoyapata katika kumtajirisha mwingine.

Mwajiri naye asidhani kwamba maradhi ya mtu wake ni ruhusa ya kumwondoa. Kanuni za utendaji bora zilizotolewa mwaka 2007 zinamtaka, kabla ya kumwachisha mgonjwa, aangalie chanzo cha maradhi, ukali wake, muda utakaohitajika kupona, na kama ipo kazi nyepesi inayoweza kupatikana, na awe mwangalifu zaidi ikiwa mtu ameumia katika kazi yenyewe. Tena amsikilize mgonjwa na mwakilishi wake. Ninawajua waajiri waliofanya hivyo kwa moyo mweupe, waliomtoa dereva katika usukani wakamweka langoni kuandika magari yanayoingia, na hawakupoteza kitu. Wamepata mlinzi wa lango anayejua kila gari.

Nimefika sasa mahali ninapopaona kuwa pabaya kuliko pote katika safari ya mtu anayepoteza kazi, nalo ni chumba cha afisa utumishi siku ya mwisho. Mtu huitwa baada ya saa za chakula. Huketishwa, huulizwa habari za nyumbani, kisha huambiwa kwa sauti ya upole kwamba kampuni ina hali ngumu, au kwamba maradhi yake yamezidi, na kwamba kwa heshima ya utumishi wake hawapendi kumwandikia barua ya kumwachisha, kwa kuwa barua hiyo itamharibia jina aendako. Ni afadhali aandike yeye kwamba ameamua kuacha. Mara nyingi barua huwa imekwisha kuchapwa, jina lake limewekwa, imebaki sahihi. Kalamu iko juu yake. Na mtu wetu, kwa staha ile ile niliyoisema mwanzo, na kwa kutaka kutoka na uso wake, hutia sahihi, akashukuru, akapeana mikono.

Kwa sahihi ile amepoteza fao la upotevu wa ajira, kwa kuwa fao hilo ni la aliyeachishwa, wala aliyejiuzulu hana fungu ndani yake. Amejifungia kwa kiasi kikubwa na mlango wa Tume, kwa sababu atakapokwenda kulalamika kwamba ameachishwa pasipo haki, barua yake mwenyewe itawekwa mezani kumjibu. Na ingawa sheria inamtambua mtu aliyeacha kwa sababu mwajiri amefanya kazi isivumilike, yeye ndiye atakayetakiwa kuthibitisha kwa ushahidi jinsi alivyosukumwa, na chumba kile kilikuwa na watu wawili tu. Nawasihi wote mnaonisikia, na mtakaoisoma hotuba hii ikiwa imechapwa, mwambieni kila kijana anayeanza kazi: asitie sahihi siku ile. Aombe barua aende nayo nyumbani, aoneshe mtu wa chama au mtu anayejua kusoma sheria, arudi kesho. Hakuna sheria inayomlazimu kutia sahihi mbele ya meza ya mtu. Jina halichafuki kwa kupunguzwa kazini. Nyumba huteketea kwa kukosa miezi 6 ya posho.

Na hapa narejea sharti la 1911 nililowaomba mliweke akilini. Waingereza wa wakati ule hawakuwa watu wa mkono mlegevu katika kugawa fedha, lakini waliandika kwamba anyimwe posho aliyeacha kazi pasipo sababu ya haki, na hata huyo alinyimwa kwa wiki 6 tu. Mkataba wa 1952 nao unaruhusu kumzuilia malipo aliyeacha kwa hiari yake pasipo sababu ya haki. Maneno hayo machache, pasipo sababu ya haki, ndiyo yanayokosekana kwetu. Anayeacha kazi kwa sababu hajalipwa miezi minne, anayeacha kwa sababu msimamizi wake anamtaka kimwili, anayeacha kwa sababu daktari amemwambia kwamba vumbi la pale litamwua, wote hao wanahesabiwa sawasawa na yule aliyeacha kwa kuchoka na kutamani kupumzika. Haifai. Nawaomba waheshimiwa wabunge, na nawaomba viongozi wa vyama vya wafanyakazi ambao ndio wenye kuwasukuma wabunge, wapeleke marekebisho ya sharti hilo, ili aliyejiuzulu aulizwe sababu, na sababu yake ikithibitika mbele ya Tume alipwe kama wenzake walioachishwa. Na katika marekebisho hayo hayo waandike kwamba michango iliyokatwa na isiyopelekwa idaiwe na mfuko, wala isiwe kizuizi cha fao la mwanachama.

Hayo yatachukua muda, na kodi ya nyumba haisubiri Bunge. Kwa hiyo kila mwenye kazi leo, akiwa mzima na akiwa na amani na mwajiri wake, afanye mambo haya kabla wiki haijakwisha: aende katika ofisi ya mfuko wake akapate taarifa ya michango, ailinganishe mwezi kwa mwezi na hati zake za mshahara, na akiona mwezi uliokosekana aulizie kwa maandishi sasa, angali yu kazini, akusanye nakala za mkataba, za vyeti vya hospitali na za kila barua aliyopewa na mwajiri, aziweke kwa ndugu anayemwamini, nje ya kazini kwake, na amwambie mwenzi wake wa ndoa mahali zilipo. Wale ambao wamekwisha kupoteza kazi, na wamo humu ukumbini usiku huu, wasiondoke kabla hatujaonana. Nitakaa pale mezani, karibu na mlango, na wako pamoja nami wenzangu wawili wanaojua kujaza fomu za Tume. Ambaye siku zake 30 bado hazijatimia na aje wa kwanza.